Somo: Kutafuta vigawo tasa vya 61,741,120

Namba tutakayoishughulikia ni idadi ya watu wa Tanzania kwa mujibu wa Sensa ya Agosti 2022, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliitangaza hapa Dodoma mwezi Oktoba mwaka huo. Kila mtu ameisikia, ila wachache wamewahi kuichambua. Kikokotoo kiwekwe pembeni.

Hatua ya 1. Namba inaishia na 0, hivyo inagawanyika kwa 10, nasi tunapata 6,174,112. Igawe hiyo kwa 2 mfululizo mpaka ufikie namba witiri. Utagawa mara tano na kupata 192,941. Ukikumbuka kwamba 10 ni 2 × 5, mpaka hapa tuna 2 sita na 5 moja.

Hatua ya 2. Jumla ya tarakimu za 192,941 ni 26, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Kwa 7 inagawanyika bila baki na kutupa 27,563.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye jasho. Jaribu tena 7, kisha 11, 13, 17 na namba tasa zinazofuata, ukijua kwamba hulazimiki kuvuka 166, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 27,563 kinazidi 166 kidogo tu. Wanafunzi wengi hukata tamaa wakifika 31 na kutangaza kwamba namba hiyo ni tasa, ilhali jibu liko jirani: 41 inaacha baki ya 11, lakini 43 × 600 ni 25,800, na zile 1,763 zinazosalia ni 43 × 41 kamili. Basi 27,563 = 43 × 641.

Hatua ya 4. Andika jibu: 61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641. Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112, ndiyo idadi ya vigawo vyake vyote.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kondoa: Shikamoo mwalimu. Tunajuaje kwamba 641 ni tasa?

Jibu: Marahaba. Kipeo cha pili cha 26 ni 676, hivyo inatosha kujaribu namba tasa mpaka 23, na hakuna hata moja inayoigawa. Namba hii ina historia: Fermat alidhani 2³² + 1 ni tasa, mpaka Euler, mwaka 1732, alipoonyesha kwamba 4,294,967,297 ni 641 × 6,700,417.

Mwanachama wa Mpwapwa: Kwa nini tunaongeza 1 kwenye vipeo?

Jibu: Kwa sababu kigawo kinaweza kukosa 2 kabisa, au kuwa nayo moja, mbili, hadi sita. Hizo ni njia saba, si sita.

Mwanachama wa Kongwa: Je, watu hao wanaweza kugawanywa sawasawa kwa mikoa yetu 31?

Jibu: Hapana, kwa sababu 31 ni tasa na haimo kwenye orodha ya Hatua ya 4. Hata hivyo imekosa kidogo mno: 31 × 1,991,649 ni 61,741,119, na baki ni 1.