Kugawana Mbio Kubwa za Wikendi Baina ya Miji ya Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo kwa Kamati za Maandalizi

Karibu kila mji wa Nyanda za Juu Kusini wenye kipande cha lami na mkuu wa wilaya mpenda michezo unatamani kuwa na marathoni yake. Matokeo yake ni kwamba miji miwili hujikuta imepanga mbio katika Jumapili moja, inabisha hodi kwa mdhamini yuleyule na kuwaita wakimbiaji walewale wa vikundi vya jogging, ambao hawawezi kuwa Iringa na Mbeya kwa wakati mmoja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za maandalizi, maofisa michezo na viongozi wa vyama vya riadha vya mikoa wanaotaka kukaa meza moja na kuzigawa wikendi kubwa za mwaka bila mji mmoja kuumeza mwingine. Mifano mingi imechukuliwa katika mbio za farasi, kwa sababu nchi zenye viwanja vingi vya mchezo huo zimegombania wikendi kwa vizazi kadhaa na zimejaribu karibu kila namna ya kuzigawa. (Jirani zetu wa Kenya nao hukimbiza farasi, lakini shughuli hufanyika katika kiwanja cha Ngong, Nairobi, kwa hiyo hawatufai kwa somo hili.)

Amueni kwanza mnagawana nini

Vikao vingi huanza na swali la nani ataandaa mwaka huu, na swali hilo huwagawa wajumbe kabla ya chai kufika mezani. Ni afadhali kutenganisha mambo matatu: tarehe, mbio kuu, na fedha. Kila kimoja kinaweza kugawanywa kwa namna yake, na mji unaokosa kimoja unaweza kufidiwa kwa kingine.

Ireland inaonyesha namna ya kugawana tarehe. Tangu mwaka 2014 wikendi ya mabingwa ya mwezi Septemba imekuwa na viwanja viwili: Jumamosi mbio hufanyika Leopardstown, Dublin, na Jumapili huhamia Curragh katika jimbo la Kildare. Kila kiwanja kina mbio yake kubwa, tangazo ni moja, na mgeni aliyesafiri kutoka mbali hupata siku mbili za kutazama kwa safari moja. Kwa Njombe na Makambako, ambazo zimeachana kwa takriban kilomita 60 za lami, namna hiyo inatekelezeka kabisa.

Marekani inaonyesha namna ya kuzungusha mbio kuu, na pia hatari yake. Mashindano ya Breeders' Cup, yaliyoanza mwaka 1984 na kuwa ya siku mbili tangu mwaka 2007, huhama kutoka kiwanja hadi kiwanja. Hata hivyo Santa Anita ya California imeyapokea mara nyingi kuliko kiwanja kingine chochote, ilhali Arlington karibu na Chicago iliyapata mara moja tu, mwaka 2002, na ilifungwa mwaka 2021. Mzunguko usio na zamu zilizoandikwa mapema huelekea kule kwenye majukwaa makubwa na hoteli nyingi. Huku kwetu utaelekea Mbeya, na hilo halihitaji utabiri.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Japani, kwa kuwa ulibuniwa kwa ajili ya viwanja vya mikoani. Mashindano ya farasi ya JBC (Japan Breeding farms' Cup) yalianza mwaka 2001 katika kiwanja cha Oi, Tokyo, na tangu hapo yamepita Morioka, Nagoya, Kanazawa, Saga na kwingineko. Mwaka 2020 iliongezwa mbio ya farasi wa miaka miwili, na hiyo haihami: hufanyika kila mwaka katika kiwanja cha Monbetsu, kisiwani Hokkaido, hata siku ambayo mbio nyingine za JBC ziko mamia ya kilomita kutoka hapo. Kiwanja kidogo kimepewa fungu la kudumu, si zamu ya kusubiri tu. Ushauri wangu ni kuufuata mpango huo: mbio ya kilomita 42 izunguke, lakini kila mji ubaki na mbio moja ambayo ni yake daima, kwa mfano nusu marathoni kwa Iringa, mbio ya milima kwa Njombe, na kilomita 10 za vijana kwa Tukuyu. Mbio ambayo tayari ina jina na mazoea, kama Tulia Marathon ya Mbeya, isiguswe. Mpangieni majirani tarehe kwa kuizunguka.

Kalenda huanza kwa kufuta

Chukueni kalenda ya mwaka mzima na mfute kwanza wikendi zisizofaa. Mvua za ukanda huu hunyesha katika msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili na mara nyingine Mei, kwa hiyo nusu ya mwaka inaondoka papo hapo. Wiki ya kwanza ya Agosti nayo iondolewe, kwa sababu maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, hujaza nyumba za wageni na kuwamaliza polisi wa usalama barabarani. Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo iangaliwe upya kila mara, na kila mwaka wa tano Oktoba huwa ya uchaguzi mkuu.

Kisha tazameni ratiba ya ligi kuu. Siku ambayo Simba au Yanga wanacheza Uwanja wa Sokoine, jiji la Mbeya halina nafasi ya shughuli nyingine yoyote. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi wa mazingira, nayo isichezewe. Jumamosi kwa jumla huwanyima nafasi Wasabato, ambao ni wengi katika maeneo haya, wakati Jumapili hugongana na ibada za makanisa mengine. Ndiyo maana mbio nyingi za Jumapili huanza alfajiri ili watu wawahi misa ya pili. Lakini Njombe ya Juni na Julai ina baridi ya kugandisha umande juu ya majani, na kuwapanga wakimbiaji wakiwa na fulana nyepesi saa 12 asubuhi ni kuwatesa. Huko mbio ianze saa 1 na nusu, na viongozi wa dini waelezwe mapema.

Mkishafuta yote hayo, mtabaki na wikendi chache za kugombania, baina ya katikati ya Mei na Julai, na baina ya katikati ya Agosti na Oktoba.

Wikendi hizo zisigawiwe kwa kupeana zamu za kufuatana bila kuangalia umbali unaokimbiwa. Aliyekimbia kilomita 42 kwa nguvu zake zote hafai kushindana tena umbali huo baada ya wiki mbili. Mjini Melbourne, Australia, viwanja vitatu vya farasi vimezoea kushika Jumamosi tatu mfululizo za msimu wa Oktoba na Novemba: Caulfield Cup ya mita 2,400, Cox Plate ya mita 2,040 katika kiwanja cha Moonee Valley, kisha Victoria Derby ya mita 2,500 huko Flemington, ambayo ni ya farasi wa miaka mitatu pekee. Watazamaji ni walewale, lakini wengi wa farasi hubadilika. Nasi tunaweza kuweka mbio katika wikendi zinazofuatana iwapo moja ni ya kilomita 10 na nyingine ni nusu marathoni, na kuacha angalau wiki sita kabla na baada ya mbio kuu.

Uingereza, yenye viwanja 59 vya farasi, ilianza mwaka 2024 jaribio la kulinda saa mbili za Jumamosi, kuanzia saa 8 mchana hadi saa 10, ili mikutano michache tu ya mbio ifanyike ndani ya muda huo na mingine isogezwe asubuhi au jioni. Viwanja vidogo vililalamika kuwa vinasukumwa pembeni, na malalamiko hayo yana uzito. Nanyi mkilinda wikendi ya mbio kuu, andikeni pia mji uliozuiwa utapewa nini badala yake.

Barabara huamua kuliko hoteli

Mara nyingi mji mwenyeji huchaguliwa kwa kuhesabu vitanda vya wageni. Swali zito zaidi ni barabara ipi itafungwa. Barabara kuu ya TANZAM hubeba malori ya kwenda Tunduma na kuvuka hadi Zambia na Kongo, na hakuna kamanda wa polisi atakayekubali kuifunga kwa saa sita. Mafinga na Makambako zimekaa juu ya barabara hiyo, na Mbeya inakatizwa nayo kuanzia Uyole kupitia Mwanjelwa. Iringa mjini iko juu ya kilima, malori yakipita chini Ipogolo, na Njombe iko kwenye njia ya Songea. Kwa hiyo miji hiyo miwili ina nafasi nzuri zaidi ya kupata kilomita 42 zisizo na lori, ingawa miinuko yake itawachosha wanaotafuta muda mzuri.

Njia ipimwe kabla mji haujaahidiwa chochote. Upimaji unaokubalika kimataifa hufanywa kwa baiskeli yenye kifaa kidogo cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu la mbele, huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi, na cheti chake hudumu miaka mitano. Odomita ya pikipiki haitoshi.

Fedha na vifaa

Uingereza iliunda mwaka 1961 bodi inayokusanya tozo kutoka kwa wachezesha kamari za farasi, na sehemu kubwa ya fedha hizo hurudi viwanjani kama zawadi. Hatuna haja ya kamari, lakini wazo la mfuko mmoja linafaa. Kila mbio ichangie sehemu ya ada ya ushiriki, tuseme asilimia 10. Mdhamini mkubwa asaini mkataba na umoja wa miji badala ya mji mmoja. Na akaunti iwe na watia sahihi kutoka mikoa mitatu tofauti. Bila mfuko huo mtakuwa mnagawana umaskini.

Vifaa vinunuliwe mara moja: saa kubwa ya mwisho wa mbio, mahema, koni, vizuizi, meza za maji na redio za mawasiliano. Ghala liwe Makambako, kwa kuwa hapo ndipo njia ya Songea inapoachana na barabara kuu, na Fuso moja linaweza kwenda Iringa, Mbeya au Njombe na kurudi siku hiyohiyo. Anayepokea asaini daftari mbele ya anayekabidhi, huku kila sanduku likifunguliwa na kuhesabiwa. Hema halipotei, zinazopotea ni chaja za redio na pini za kufungia namba za kifuani, na mbio huweza kuchelewa nusu saa kwa ajili ya pini.

Makubaliano yaandikwe

Hati ya makubaliano itaje zamu za mbio kuu kwa miaka mitano mbele, mbio ya kudumu ya kila mji, mchango wa mfuko, na nani anaomba kibali. Nakala zipelekwe kwa maofisa michezo wa mikoa na Baraza la Michezo la Taifa. Kalenda ya mwaka unaofuata itangazwe kabla ya mwisho wa Septemba, wakati wadhamini bado wanapanga bajeti. Mji utakaoshindwa kuandaa utoe taarifa miezi minne kabla, na mbio kuu iende kwa mji unaofuata katika zamu bila kikao kingine. Utakaotaka tu kubadili tarehe utafute wenyewe mji wa kubadilishana nao, na ulete barua yenye sahihi na mihuri ya pande zote mbili.