Namna ya Kuujua Mchezo wa Halingi Ukiwa Mgeni Ayalandi

Mgeni anayehamia Ayalandi huweza kukaa miaka bila kuujua halingi, mchezo wa jadi wa huko unaochezwa kwa fimbo na mpira mdogo, kwa kuwa kandanda aliyoizoea anaipata kwenye runinga na haoni haja ya kutafuta mchezo mwingine. Iwapo umewaona vijana wamebeba fimbo zilizopinda na kutandaa mwishoni mithili ya mwiko mpana, basi umekwisha kukutana na camán, kifaa kikuu cha mchezo huu, na ninakusihi usiishie kuishangaa tu.

Anzia kwenye uwanja wa klabu ya jirani. Croke Park, ulioko Dublin na unaochukua watazamaji zaidi ya 82,000, ni uwanja wa fahari, ila ukiketi jukwaa la juu hutauona vizuri mpira, uitwao sliotar, wenye uzito wa kati ya gramu 110 na 120 na mishono ya ngozi iliyoinuka. Kwenye uwanja wa klabu unasimama kando ya mstari, unasikia fimbo zikigongana, na pengine unamtambua mwalimu wa mwanao akiwa langoni. Kwani tangu chama kinachousimamia mchezo huu kilipoasisiwa mjini Thurles mwaka 1884, wachezaji hucheza kwa ridhaa bila mshahara, hata wale wa timu za kaunti. Ukiishi Kilkenny, Tipperary, Cork, Clare, Limerick au Galway hutapata shida ya kuona mechi. Ukiishi Mayo au Donegal, ambako soka ya Kigaeli, mchezo mwingine wa jadi wa Ayalandi unaochezwa kwa mikono na miguu, ndiyo inayotawala, itakubidi uulizie zaidi.

Siku ya kwanza usihangaike kuufuata mpira kwa macho, maana utakuponyoka. Watazame wazee wawili waliovaa makoti meupe kando ya nguzo za goli, ambazo zimesimama kama herufi H. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya na kuingia wavuni, mmoja wao hupunga bendera ya kijani, na hilo ni goli lenye thamani ya pointi 3. Ukipita juu ya mtambaa panya katikati ya nguzo, hupungwa bendera nyeupe, na hiyo ni pointi 1. Ubao wa matokeo huyatenga mawili hayo, na hapa ndipo wageni wengi hupotea. Mimi niliwahi kuusoma ubao ulioandikwa 1-18 na 0-22 nikaamini kwamba wenye goli wameshinda, mpaka mama mmoja aliyesimama kando yangu akanihesabia kwa vidole: goli moja ni 3, ongeza 18, unapata 21, nao wenzao wana 22.

Jambo hilo la kuuliza ni muhimu kuliko kusoma kanuni nyumbani. Mashabiki wa pande mbili hawatengwi. Huketi bega kwa bega, na ukisema wazi kwamba ndiyo mara yako ya kwanza, utaelezwa kwa furaha kwa nini mchezaji haruhusiwi kuuokota mpira chini kwa mkono, na kwa nini akiushika mkononi asizidishe hatua nne, bali auweke juu ya fimbo na kukimbia nao. Mashindano ya kaunti huanza majira ya kuchipua na fainali huchezwa Julai, kisha vilabu huendelea hadi vuli.

Ukitaka kucheza mwenyewe, nunua fimbo inayofika kwenye nyonga unapoisimamisha kando ya mguu, pamoja na kofia ngumu yenye kinga ya uso, ambayo imekuwa ya lazima kwa wachezaji wote tangu 2010. Shika fimbo mkono wako wenye nguvu ukiwa juu, simama mita chache kutoka ukutani, piga mpira taratibu, na uudake kwa mkono mwingine unaporudi. Fanya hivyo kila jioni kwa dakika kumi hadi uache kufumba macho mpira unapokujia, kisha nenda klabuni ukaulizie mazoezi ya watu wazima wanaoanza. Wanawake waulizie kamogi, ambao ndio mchezo huohuo kwa upande wao.