Namna ya Kuandaa na Kumpa Mtoto Antibaotiki ya Unga wa Kuchanganya na Maji

Mtoto anapoandikiwa antibaotiki ya maji, mara nyingi mzazi hukabidhiwa chupa yenye unga mkavu, na kazi ya mwisho ya kuitengeneza dawa hiyo huifanya mwenyewe nyumbani. Antibaotiki kama amoksilini na dawa za jamii yake huanza kuharibika polepole zikishalowa, kwa hiyo unga hukaa rafuni muda mrefu bila madhara, lakini ukishatiwa maji umri wake huhesabiwa kwa siku. Mimi ni mfamasia, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mama, baba, bibi au dada wa nyumbani ambaye ndiye atakayeishika chupa hiyo.

Hatua ya kwanza: maliza maswali ukiwa bado dirishani

Antibaotiki ni dawa ya cheti, na cheti kinapaswa kuandikwa baada ya mtoto kuchunguzwa na kupimwa uzito, kwa kuwa dozi ya mtoto hufuata kilo zake. Mafua na vikohozi vingi vya kawaida husababishwa na virusi, ambavyo dawa hizi haziviui, hivyo daktari akisema mtoto hahitaji antibaotiki, usiende kuitafuta kwingine. Mweleze mtoa dawa kama mtoto aliwahi kuvimba uso, kutokwa na vipele au kupumua kwa shida baada ya kupewa penisilini, ampisilini, kloksasilini au amoksilini, kwa sababu zote ni za ukoo mmoja.

Kisha soma chupa na bahasha kwa pamoja. Amoksilini ya watoto mara nyingi hupatikana kwa nguvu mbili: miligramu 125 katika kila mililita 5, na miligramu 250 katika ujazo uleule. Chupa zake huweza kufanana kabisa, ilhali mililita 5 za ile ya pili ni dozi mara mbili ya ile ya kwanza. Ndiyo maana kumbukumbu ya kwamba safari iliyopita alikunywa kijiko kimoja haisaidii kitu mpaka uangalie nguvu iliyoandikwa.

Ukiona "5 ml × 3 × 5", maana yake ni mililita 5, mara tatu kwa siku, kwa siku 5. Piga hesabu hapohapo: hizo ni mililita 75, na chupa ya mililita 100 itabakiza 25. Zikiandikwa siku 7 zitahitajika mililita 105, na chupa moja haitatosha. Ukipewa mbili, usiitie maji ya pili mpaka ya kwanza ikaribie kwisha. Usiondoke bila kipimo, yaani kikombe kidogo chenye alama au, kilicho bora zaidi, bomba lisilo na sindano, maana vijiko vya chai vya majumbani havilingani ukubwa.

Hatua ya pili: kuchanganya

Chemsha maji ya kunywa, yafunike, kisha uyaache yapoe kabisa, kwani maji ya moto huiharibu dawa. Nawa mikono kwa sabuni. Kabla ya kufungua kizibo, igongegonge chupa kwenye kiganja na kuitikisa mpaka unga ulioganda chini uachane. Tafuta alama ya maji, ambayo huwa ni mstari uliochongwa kwenye chupa au mshale uliochapwa kwenye lebo, na usome maelezo ya mtengenezaji, kwa sababu dawa nyingine hutaja kiasi maalumu cha maji cha kupima.

Kama chupa yako ni ya alama, tia maji kiasi cha nusu, funga, na utikise kwa nguvu mpaka pasibaki madonge kwenye pembe za chini. Povu litapanda na kuufunika mstari, na hapa ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Iweke chupa mezani usubiri povu litulie. Utaona dawa yenyewe imeshuka chini ya alama. Inama mpaka mstari uwe sawa na macho yako, ongeza maji kidogo kidogo hadi dawa iguse alama, kisha utikise tena. Usipime mililita 100 za maji kwa sababu tu chupa imeandikwa 100, kwani huo ni ujazo wa dawa iliyokamilika, na unga nao huchukua nafasi. Maji yakizidi, kila dozi hupungua nguvu. Yakipungua, kila dozi huzidi. Andika tarehe ya kuchanganya kwenye lebo.

Hatua ya tatu: kutunza

Fuata lebo. Amoksilini iliyochanganywa nyingi hudumu siku 7, na nyingine hadi 14 ikiwa kwenye friji. Amoksilini yenye klavulaneti (kiambato kinachoisaidia dhidi ya bakteria sugu) hutakiwa kukaa kwenye friji, lakini isigande. Kama nyumbani hakuna friji, liseme hilo kabla dawa haijatolewa, kwa kuwa vipo vidonge vya amoksilini vya watoto vinavyoyeyuka katika maji kidogo, ambavyo havihitaji ubaridi wala kuchanganya chupa nzima. Mimi huvipendelea kwa familia za namna hiyo.

Hatua ya nne: kumpa mtoto

Tikisa chupa kila mara, maana dawa hutuama chini. Mkalishe mtoto akiwa wima au ameegemea, elekeza bomba upande wa ndani wa shavu, na usukume polepole akimeza. Usimbane pua, na usiichanganye dozi kwenye bakuli zima la uji, kwani akilibakiza hutajua amekunywa kiasi gani.

Mara tatu kwa siku ni kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Mara mbili ni kila baada ya saa 12. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi ileile. Nusu saa ikishapita, usirudie. Ukisahau, mpe mara unapokumbuka, isipokuwa kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, na kamwe usimpe dozi mbili kwa mpigo. Homa ikishuka siku ya pili, endelea mpaka siku zilizoandikwa zitimie, kwa kuwa bakteria waliosalia huweza kuongezeka tena.

Hatua ya tano: kufuatilia

Kuharisha kidogo hutokea. Mpe maji ya ORS, maziwa na chakula kama kawaida. Akivimba uso au midomo, akitokwa na mabaka yanayowasha au akianza kukoroma kifua, acha dawa na umkimbize hospitali. Mpeleke haraka pia akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea sana au akiharisha damu. Asipopata nafuu ifikapo siku ya tatu, mrudishe achunguzwe, nawe uende na chupa, kipimo na cheti, ili anayempokea aone alichokuwa akinywa na kwa kiasi gani. Dawa inayobaki baada ya dozi kukamilika usimwekee mdogo wake. Irudishe duka la dawa ikateketezwe.