Kabla Hujawagawia Zamu Watu wa Kujitolea kwenye Kambi ya Vijana

Watu wa kujitolea utawapata, hilo lisikusumbue. Sema tu kwamba kambi ya vijana wa nchi mbalimbali inakuja Unguja au Pemba, na ndani ya wiki majina yatajaa karatasi tatu. Kuwapanga ndiko kunakotaka kichwa, na kuishe kabla hema la kwanza halijasimama. Nimeifanya kazi hii zaidi ya mara moja, na mara moja nusura watoto wa watu wafe maji mikononi mwetu. Nitafika huko.

Anza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji huko Zanzibar. Kabla hujapima uwanja, nenda ukae naye kitako, umweleze ni vijana wangapi, wanatoka wapi na watakaa siku ngapi. Anayejitolea awe ametimiza miaka 18, na mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja hemani, awe nani. Mgeni wa kutoka nje ya nchi anatakiwa awe na bima ya safari ya Zanzibar, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 kwa dola 44. Uithibitishe kwa macho yako. Usiweke kambi wakati wa masika. Jenereta liwepo na mafuta yake, na sisi tuliokaa Unguja gizani, bila umeme, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kuelezwa kwa nini.

Uwiano wa viongozi na vijana waige Skauti: kwenye jamborii yao ya dunia, yaani kambi yao kubwa ya mataifa yote, kundi moja huwa na vijana 36 na viongozi wanne. Ukikosa watu wa kutosha, punguza shughuli.

Maji ya kunywa na kivuli vipewe mtu wake, asiyekuwa na kazi nyingine hata ya kubeba kiti. Agosti 2023 kule Saemangeum, Korea Kusini, jamborii ya vijana zaidi ya 40,000 ilielemewa na joto. Mamia waliugua, Waingereza na Wamarekani wakawatoa watu wao, kisha tishio la kimbunga likawahamisha waliobaki. Kama nchi yenye uwezo ule ilishindwa, wewe na matangi yako mawili usijidanganye.

Sasa zamu. Hapa nisikilize vizuri.

Kambi yetu ilikuwa pwani ya mashariki ya Unguja, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi mpevu. Anayeijua pwani ile anajua kwamba siku hizo maji hupwa asubuhi mpaka mgeni akadhani bahari imehama. Saa nne vijana 22 wakaondoka na watu wawili wa kujitolea kwenda kuona mashamba ya mwani. Majina yao yaliandikwa daftarini, yote 22, kwa mwandiko mzuri.

Zamu tulikuwa tumepanga ibadilike saa sita na nusu. Kosa letu lilianzia hapo, maana hiyo ni saa ya adhuhuri na saa ya wali. Wa asubuhi waliposikia adhana waliliacha daftari juu ya meza ya jikoni wakaenda kutawadha. Wa mchana walikuwa bado kwenye foleni ya chakula. Mmoja wa wale wawili akarudi na vijana 13. Aliyempokea akamuuliza, "Na wengine?" Akajibu, "Wanakuja." Basi. Kila mmoja akaenda zake. Mimi mwenyewe niliipita ile meza mara mbili. Daftari lilikuwa chini ya sinia la machungwa, ukingo wake mwekundu unaonekana, wala sikulivuta.

Saa saba na robo akatokea mama mmoja wa mwani. Kanga imemlowa hadi kifuani, vigingi bado viko kwapani, na nyuma yake watoto tisa wameshikana mikono. Wa mwisho alikuwa yule mwenzetu wa pili, mgeni, siku yake ya kwanza kuiona bahari yetu. Msichana mmoja, kutoka nchi isiyo na pwani, alikuwa ameshika kiatu kimoja na hataki kukiachia.

"Mwanangu, hawa wa nani?" yule mama aliniuliza. "Nimewakuta juu ya fungu la mchanga wanapiga picha, na maji yashapita nyuma yao."

Bamvua hujaa hivyo: mikondo iliyo upande wa nchi kavu hujaa kwanza, na aliye juu ya fungu anaona pakavu miguuni pake akadhani ana muda. Sisi kambini tulikuwa tunakula.

Kwa hiyo, zamu isibadilike saa ya swala wala saa ya chakula. Zamu mbili zikutane robo saa nzima, uso kwa uso. Daftari litoke mkononi liingie mkononi, vichwa vihesabiwe kwa sauti, na anayepokea atie saini. Idadi isipotimia, hakuna anayeondoka, hata awe amechoka vipi. Mtu akikwambia "wanakuja", muulize ni wangapi, wako wapi, na nani yuko nao. Kundi la baharini liongozwe na mwenyeji wa pwani hiyohiyo, alipwe haki yake, na liwe limeshageuka kurudi kabla maji hayajaanza kujaa. Saa za maji ziandikwe upya kila asubuhi, kwa sababu husogea karibu dakika 50 kila siku. Ratiba ya Jumatatu ukiifuata Alhamisi umepotea. Waulize wavuvi.

Yaliyobaki unayajua. Namba za simu ziwe pia kwenye karatasi, maana chaji huisha. Ghala liwe na funguo mbili kwa watu wawili. Mwenye pumu na asiyekula samaki wajulikane kabla mpishi hajawasha moto. Mwambie kila mgeni avae kwa heshima akienda kijijini, na avae viatu akiingia majini. Gari la dharura lilale kambini na dereva wake alale karibu nalo, tangi likiwa limejaa, na asubuhi mtu aende kulitazama.