Kutoa uchawi kwenye riwaya na kuuleta mezani: anza na gharama

Anayeanza kuendesha mchezo wa kuigiza wahusika, yaani mchezo wa mezani ambamo mwendeshaji husimulia hadithi, kila mchezaji huigiza mhusika wake, na dadu huamua mambo yenye mashaka, huwa na riwaya moja ya fantasia iliyomkaa moyoni, na anataka wachezaji wake wauonje uchawi wa humo. Hufungua daftari akaorodhesha nguvu: kurusha moto, kupaa, kutoonekana. Mimi namwomba aifunge hiyo orodha kwanza. Nguvu hizo utazikuta karibu kila riwaya. Ladha ya uchawi hutokana na kile anachotozwa mchawi.

Hatua ya 1: Isome tena riwaya ukitafuta kizuizi

Safari hii soma na kalamu mkononi. Kila mchawi anaposhindwa, anaposita au anapochoka, piga mstari.

Mfano mzuri ni hadithi za Jack Vance katika *The Dying Earth*, kitabu cha mwaka 1950. Humo matabano, yaani maneno ya kichawi, ni mazito mno hata akili hubeba machache tu kwa wakati mmoja. Mchawi Mazirian, pamoja na mazoezi yake makali, anamudu manne makubwa au sita madogo. Tabano likishatamkwa hufutika kichwani, na akilitaka tena hana budi kurudi kitabuni. Gary Gygax, mmoja wa watunzi wawili wa mchezo wa kuigiza wahusika uitwao *Dungeons & Dragons* ya mwaka 1974, alikiri waziwazi kwamba kizuizi hicho alikichukua kwa Vance. Angalia kilivyofanya kazi mezani: mchezaji analazimika kukisia asubuhi atakachokihitaji usiku. Akikosea, kosa ni lake, na hapo ndipo hadithi inapokolea.

Ursula K. Le Guin, katika *A Wizard of Earthsea* ya mwaka 1968, anakwenda njia nyingine kabisa. Kwake kuna mizani ya ulimwengu: mvua ikiitwa kisiwani Roke, huenda kisiwa kingine, Osskil, kikapata ukame. Hapa hukuti hesabu ya matabano. Gharama ipo, ila anailipa mtu mwingine, tena mbali. Mimi naipenda zaidi hii, maana wachezaji huendelea kuibishania hata baada ya kikao.

Hatua ya 2: Iandike gharama kwa sentensi moja

Ikikushinda kuieleza kwa sentensi moja, wachezaji hawataikumbuka mapigano yakipamba moto. Nilipochanganya mawazo ya hao wawili, nilipata hii: *Mchawi hukifunga kitu ndani ya fundo la kamba, na kule alikokitoa kitakosekana mpaka mwezi mwingine uandame.* Idadi ya mafundo ndiyo kikomo cha Vance. Kukosekana ndiyo mizani ya Le Guin.

Hatua ya 3: Ifanye ishikike

Hatua hii usiiruke. Nilimpa mchezaji wa mchawi kamba halisi, yenye nafasi ya mafundo saba. Akitaka kuhifadhi upepo, anafunga fundo kwa mkono wake na kutaja ameutoa wapi. Akitaka kuutumia, analifungua fundo huku mimi nikihesabu hadi kumi. Usiku mmoja mhusika wake alifunga moto wa jiko la mjane aliyewapa hifadhi, akiona ni moto tu. Vikao viwili baadaye walirudi wakakuta nyumba baridi, na mjane anawasha kuni zisizoshika. Mchezaji aliitazama kamba yake, fundo la tatu likiwa bado limekaza, na kwa muda meza nzima ikanyamaza. Sikuwa nimepanga tukio hilo. Lilitoka kwenye ile sentensi moja.

Uchawi wako ukiwa wa kumbukumbu, tumia kadi. Ukiwa wa damu, tumia shanga nyekundu kwenye bakuli.

Hatua ya 4: Dadu zirushwe kwa ajili ya gharama

Mchezaji akishalipa, mpe alichonunua. Kumlipisha kisha kumwambia dadu imekataa kunamfundisha kutouthubutu uchawi. Dadu iamue jambo lingine: madhara yamefika umbali gani, au nani ameyaona.

Hatua ya 5: Jaribu kwa kikao kimoja kifupi

Wape shida tatu: moja inayomalizwa na uchawi upesi, moja ambayo uchawi utaizidisha, na moja isiyouhitaji kabisa. Tazama mikono kuliko midomo. Mchezaji akifungua mafundo bila kusita hata mara moja, gharama ni nafuu mno. Punguza mafundo yawe matano, au chanzo kiwe cha mtu wanayempenda. Kamba ikilala mezani kikao kizima bila kuguswa, umewabana kupita kiasi. Ruhusu kilichochukuliwa kirudi baada ya siku saba badala ya kungoja mwezi uandame, kisha jaribu tena na shida zilezile.