Somo: Kupanga watu ukumbini wakati wa mlipuko wa maradhi

Somo hili linahusu maradhi yanayosafiri kwa pumzi, kama vile Korona. Nimelitoa katika kazi yangu ya kupanga viti kwenye ukumbi tunamosalia katika mtaa wetu wa Nyalenda, Kisumu, tangu makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa tena Julai 2020 kwa sharti la watu wasiozidi 100 na ibada isiyozidi saa moja.

Hatua ya kwanza: pima sakafu kabla ya kualika watu. Wengi walishika ile 100 kana kwamba kila jengo lina ukubwa mmoja, ilhali hicho kilikuwa kikomo cha juu tu. Ukumbi wetu una upana wa mita 9 na urefu wa mita 12. Ukiondoa mita 3 za msemaji na meza yake, unabakiwa na mraba wa mita 9 kwa 9. Kiti cha plastiki huchukua karibu nusu mita, nayo nafasi iliyoagizwa wakati huo ilikuwa mita moja na nusu, kwa hiyo kila kiti hula mita 2. Safu moja hubeba viti vitano, na safu ni tano, yaani watu 25 mahali tulipozoea kubanana zaidi ya mia.

Hatua ya pili: tengeneza kamba. Chukua kamba ya katani, ifunge fundo kila baada ya mita 2, na kila fundo ulizungushie kitambaa chekundu. Inyooshe sakafuni, kisha weka alama ya rangi chini ya kila fundo. Usitumie chaki, kwa sababu sisi tuliitumia ikafutika kwa ndala za watoto kabla ya wimbo wa pili.

Hatua ya tatu ndiyo iliyotushinda mwanzoni, nayo ni mlango. Jumapili ya kwanza viti vilipendeza, lakini mtungi wa kunawia nilikuwa nimeuweka kizingitini, watu wakasongamana hapo wakiamkuana kwa mikono huku wakingoja zamu. Kosa lilikuwa langu. Sogeza mtungi hatua kumi nje ya mlango, foleni ielekee uani, na kama jengo lina milango miwili, mmoja uwe wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Kapu la sadaka likae karibu na mlango wa kutokea ili watu wasipite mbele. Wakati wa kuondoka, safu iliyo karibu na mlango itangulie.

Madirisha ya pande zote mbili yafunguliwe, hata kama kuna baridi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kondele: Mwalimu, je, mama na watoto wake wanne watenganishwe?

Jibu: Hapana, dada. Wanaolala nyumba moja na waketi benchi moja. Nafasi iachwe kati yao na jirani zao.

Mwanachama wa Nakuru: Sisi ni wachuuzi sokoni, hatuna viti. Kamba itatufaa vipi?

Jibu: Ipimie meza badala ya viti. Wauzaji wote watazame upande mmoja ili wasikabiliane na wenzao, na njia iwe ya kwenda tu, mteja atokee upande wa pili. Mtakutana na ubishi wa wanaotaka kurudi kuomba bei ipunguzwe. Wazungushwe tena.

Mwanachama wa Busia: Je, kikiwa kipindupindu, tupange hivi hivi matangani?

Jibu: Kipindupindu hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, ndugu, hivyo nafasi kati ya viti haitawakinga. Hapo panga choo, maji na jikoni. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, na kando ya choo pawe na maji na sabuni. Chakula kipakuliwe kingali moto, upawa ushikwe na mtu mmoja, na mtungi wa kunawia uwe kabla ya meza ya chakula.