Jinsi ya kufundisha wito wa nabii Amosi kwenye felowshipu ya nyumbani

Kama wewe ndo unaongoza felowshipu huko Mombasa, iwe Mikindani, Kisauni ama Likoni, na kila mara mukizungumzia wito munarudi Isaya 6 na Yeremia 1, hebu jaribu Amosi. Isaya aliona kiti cha enzi na maserafi, Yeremia akaambiwa alijulikana kabla hajaumbwa tumboni, sasa watu wakisikia hivo wanakaa tu kungoja maono. Amosi hana hayo. Wito wake umetajwa kwa maneno machache sana, tena ameyasema akiwa anafukuzwa.

Mwanzo, usianzie sura ya 1. Fungueni 7:10-17, mtu mmoja asome kwa sauti na wengine wafunge Biblia wasikize. Pale kuna Amazia, kuhani wa Betheli, ametuma habari kwa mfalme Yeroboamu kwamba huyu mtu anafanya fitina, kisha akamgeukia Amosi mwenyewe akamwambia mwonaji wewe toka hapa, rudi kwenu Yuda ukale mkate wako huko na utabiri hukohuko. Simamisha hapo. Uliza, mkate umeingiaje kwenye hii maneno? Wape dakika kadhaa, usiwajibie haraka, wataifika wenyewe: Amazia anadhani Amosi anatabiri ndo apate kula. Na jibu la Amosi linagonga hapohapo, mimi si nabii wala mwana wa nabii, mimi ni mchungaji na mtunza mikuyu, Bwana ndiye alinitoa nyuma ya kondoo akaniambia nenda. Yaani nina kazi yangu, sikuja hapa kutafuta sahani.

Hapa kaeni sana, hapa ndo kwenye nyama. Mtu ambaye unga wake hautoki mfukoni mwa tajiri wa kanisa anaweza kumwambia tajiri ukweli bila kutetemeka. Sisemi wachungaji wasilipwe, Paulo ameandika wazi 1 Wakorintho 9 kwamba wanaohubiri Injili waishi kwa hiyo Injili. Lakini ukiona bango la nabii fulani na chini yake namba ya M-Pesa ni kubwa kuliko andiko lenyewe, mrudishie lile swali la mkate, mkate uko wapi hapa?

Mandhari wape kwa ufupi tu. Amosi ni wa Tekoa, kama kilomita 16 kusini ya Yerusalemu, na Betheli iko kaskazini ya Yerusalemu, safari nzima ni kama kilomita 35, kitu kama kutoka Mombasa mjini hadi Mariakani, ila yeye alikuwa anavuka mpaka kuingia ufalme mwingine. Ni karibu mwaka 760 KK, Uzia akitawala Yuda na Yeroboamu wa pili akitawala Israeli. Mikuyu haimei kule juu Tekoa, inataka mabondeni kwenye joto, na matunda yake yalikuwa yakitobolewa ndo yaive, kwa hivo jamaa alikuwa mtu wa kuzunguka akitafuta riziki. Pesa huko Israeli zilikuwepo, soma 3:15 na 6:4 uone nyumba mbili mbili na vitanda vya pembe. Hiyo 4:1 nayo akina mama wataguna, isome tu.

Sasa rudini sura ya 1 na ya 2, lakini muisome kwa namna hii: kila taifa likitajwa, kikundi chote kiseme amina. Dameski, amina. Gaza, amina. Tiro, Edomu, Amoni, Moabu, watu washapata moto, halafu Yuda, hapo bado wasikilizaji wa Betheli wanashangilia manake ni jirani. Ya nane ni Israeli, wao wenyewe, wanaouza maskini kwa jozi ya viatu. Utaona ile amina inavyokufa. Usielezee kitu, nyamaza kidogo uendelee.

Kisha 8:4-6. Hapa kama kikundi chako kina watu wa soko la Kongowea una bahati, manake hawahitaji kufafanuliwa. Wale wafanyabiashara wanauliza Sabato itaisha saa ngapi wafungue maghala, wapunguze kipimo, waongeze bei, wachezee mizani na wauze hata takataka za ngano. Muulizane bila kutajana majina: gorogoro (mkebe wa kupimia nafaka) iliyobonyezwa chini, nauli inayopanda mvua ikianza tu, dada wa kazi ambaye mshahara wake unangoja mwisho wa mwezi mwingine. Kila mtu aseme kwenye kazi YAKE mizani iko wapi, si kazi ya jirani, la sivyo mutarudi kulekule kwa Dameski. Halafu someni 5:21-24 mara moja, pale Mungu anasema aondolewe kelele za nyimbo zao, hiyo ni ya sisi wa kesha na maspika.

Usisahau 7:1-9, watu wengi huruka. Kabla ya timazi, ile kamba ya fundi ya kupimia ukuta, kuna nzige na moto, na mara zote mbili Amosi anamlilia Mungu, asamehe, aache, manake Yakobo, yaani Israeli, ni mdogo, na Mungu anaghairi. Anawaombea watu walewale anaowakemea! Kwa hivo kwenye kikundi akitokea mtu aseme ameitwa, usimpe maiki siku hiyohiyo. Muulize anamwombea nani kati ya wale anaotaka kuwakemea, na muulize pia kama yuko tayari kuyasema hayo mbele ya mwenye nguvu ama ni mbele ya wanyonge tu. Kazi yake ya tuktuk ama kibanda asiiache kwanza.

Yote haya hayaingii kwa jioni moja, gawanya mara mbili, ya kwanza ishie kwenye ile amina. Mukimaliza ingieni Hosea, naye alihudumu kwenye ufalme huohuo wa kaskazini, lakini ana sura 14 na mambo ya ndoa, watoto wadogo walazwe mapema.